Simba Wangu na Ukuta wa Bibi Selina

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Kisanduku changu kimepatikana tena, safari hii na mbuzi. Mchezo wa chama chetu ni rahisi: unaficha kisanduku msituni, ndani unaweka muhuri uliouchonga mwenyewe, unatoa mafumbo ya njia, wenzako wanatafuta. Anayekipata anagonga muhuri kwenye daftari lake, anakirudisha. Cha Zahabia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Pasiansi, hakijawahi kuonekana. Alituonyesha muhuri wake kabla ya kuuficha: korongo, hadi manyoya! Wangu ni simba, nimemchonga kwenye soli ya ndala. Modesta, katibu wetu, amesema ni nguruwe mwenye afya.

Watanikoma.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, mlimani Kisesa. Msitu ni wa Bibi Selina Chenge, naye ametukaribisha kwa sharti moja: ukuta wa mawe hauguswi. Ukiguswa, hakanyagi mtu tena. Sharti la haki! Mimi mwenyewe nimewahi kuwachana gazetini wabomoaji wa kuta za kale. Na ukuta gani! Zizi la mababu zake, mawe matupu, saruji hata kijiko hakuna. Makubwa yako chini, ya juu yameegemeana kama wazee wanaonong'onezana, na katikati vijiwe vimebanwa. Hadi leo unazuia mbuzi wasiingie kwenye mihogo. Nilivua kofia.

Kisha nikawaza: nani atathubutu kutafuta ndani ya ukuta usioguswa?

Nikachomoa kajiwe kamoja. Ka ukubwa wa andazi!

Ukaporomoka upana wa lango la ng'ombe. Mbuzi walinipita bila hata kunisalimia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepanga mawe. Yameanguka. Nimeyapanga kwa hasira. Yameanguka kwa hasira. Nikaenda kutafuta saruji, na duka lililokuwa wazi ni la Zahabia tu. Akauliza, kaka Pius unajenga nini? Nikasema banda la kuku. Akashangaa, tangu lini nafuga? Imebidi ninunue kuku wawili kulinda heshima.

Jumanne, 10 Juni

Kazi imekwisha. Kisanduku kimo ndani ya ukuta, saruji imekikumbatia. Hakipatikani na binadamu wala mbuzi. Ushindi! Kwa mbali ukuta ni mzima. Kwa karibu ni kama mzee aliyewekewa jino la dhahabu.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha dharura uani kwa Bibi Selina. Tulimwamkia wote, marahaba hakupata mtu. Akasema babu yake hakuijua saruji, kwa hiyo fundi huyu si wa ukoo, na msitu ameufunga. Modesta akalia. Nikasimama nikahutubia: mhalifu afukuzwe chamani, jina lake lisitajwe kamwe! Makofi. Zahabia akauliza kwa upole kama kuku wangu hawajambo.

Ndipo Bibi Selina akatoa kisanduku alichokibandua kwa sururu. Akagonga muhuri kwenye karatasi, akaiinua, akauliza nguruwe huyu ni wa nani.

Nikaruka: si nguruwe, ni simba!

Chama kizima kikanigeukia.

Jumamosi, 14 Juni

Hukumu ya Bibi: ukuta ukisimama leo, msitu unafunguliwa. Usiposimama, ndiyo basi. Chama kizima tumebeba mawe. Yeye kwenye kigoda, akinifokea: we ngosha, mwanaume mzima, jiwe halilazimishwi, ligeuze mpaka likae lenyewe! Nikaligeuza. Likakaa! Mlio wake, kama mlango mzito unaofungwa taratibu. Zahabia ana mkono wa ajabu kwenye vijiwe. Nakiri hapa tu. Bibi akasema vijiwe ndivyo vinavyoshikilia makubwa, kikitoka kimoja yote yanafuata. Maneno makubwa! Nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu.

Jioni ukuta ulisimama. Bibi aliupiga kofi mgongoni kama ng'ombe wake, kisha akatuitikia marahaba ya wiki nzima kwa mpigo. Machozi yalinitoka.

Sijawahi kuupenda ukuta namna hii. Ndiyo maana, wenzangu walipotangulia kushuka, nilichomoa kumbukumbu ndogo. Kajiwe tu, ka ukubwa wa andazi. Kako mezani sasa, kamekalia makala yangu mapya, "Wezi wa Urithi Wetu", yasipeperuke.

Simu inaita. Bibi Selina! Bila shaka anataka kunishukuru.