Manjano Juu ya Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua! Ile kompyuta kongwe ya DOS ina menyu ya rangi! Siku zote tunachapa kazi za wateja kwa herufi nyeupe juu ya bluu, kama sare ya shule, kumbe rangi zimejaa humo tele. Nimeweka manjano juu ya nyekundu. Skrini inawaka! Na wakati ndio huu. Shangazi, mwenye duka, anatafuta msimamizi wa chumba cha kuchapa: mimi au binamu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameleta mitihani ichapwe. Mimi jiografia, binamu hesabu. Atakayechapa vizuri atapewa kiti kinachozunguka. Nimeshakijaribu.

Jumanne, 5 Machi
Binamu analalamika eti macho yanamuuma. Wivu tu! Mimi nachapa asubuhi, yeye mchana, na kila akiingia anarudisha bluu yake. Leo nimemkomesha. Nimebana herufi, sasa skrini inabeba mistari hamsini badala ya ishirini na mitano! Shangazi alichungulia, akauliza sisimizi hao wametoka wapi. Nikamwambia ndiyo maendeleo. Akajibu kwamba macho yake si ya kuazima, akaenda zake.

Jumatano, 6 Machi
Binamu anapitapita nyuma yangu. Anaiba mpangilio wangu, najua. Basi nimepata dawa yake: herufi nyekundu juu ya nyekundu! Haionekani hata nukta. Mimi sihitaji kuona, vidole vyangu vinaijua kibodi kama njia ya chooni. Binamu akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama niko salama. Nilicheka kimoyomoyo. Nimemaliza mtihani mzima kwa mkupuo mmoja, nikauhifadhi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku yenyewe! Mwalimu mkuu kaja. Shangazi kavaa miwani yake ya wageni. Nikawaomba wasogee, kisha nikarudisha manjano kwa madaha.

Palipotakiwa kusomeka "Jibu maswali yote" palikuwa na "Koni ,sdes;o upyr". Na chini yake hivyo hivyo, hadi mwisho. Vidole vilikaa kitufe kimoja kulia tangu mwanzo! Mwalimu mkuu akauliza, kwa upole, ni somo gani hilo. Binamu akatoka nje. Nilimsikia akicheka kupitia ukuta. Shangazi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kiti amepewa binamu. Nilikaribia kulia mbele ya mteja.

Jumatatu, 11 Machi
Shangazi amenihamishia kwenye fotokopi. Amesema huku hakuna cha kuchezea.

Kumbe ina kioo kidogo! Na kioo kina menyu! Unaweza hata kubadili lugha! Nimechagua ile yenye herufi za madoido kuliko zote. Sielewi hata neno, lakini inapendeza mno, ngoja binamu aje kutoa nakala aone! Sasa hivi mashine imeuliza jambo, refu kidogo. Nimekubali.