Mistari ya Kijani ya Bwana Lebo

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Meneja ametuita wakuu wote wa vitengo na kutangaza kwamba mnunuzi wetu wa ng'ambo amechoshwa na makaratasi. Kuanzia leo kila anayegusa nguo, tangu anayesokota uzi hadi anayefunga boksi, ataandika habari zake kwenye fomu moja ya kompyuta. Visanduku vilevile, namba zilezile. Rangi ina namba. Saizi ina namba. Upana wa kitambaa una kisanduku chake. Kompyuta ya wafuma vitambaa itazungumza na yetu, yetu itazungumza na ya mchapa lebo, na zote zitazungumza na ya mnunuzi. Binadamu hatakiwi kuingilia. Nilipiga makofi. Peke yangu.

Jaribio ni la wiki mbili, kwa oda moja: suruali mia sita za kazi, za wanaume, rangi ya buluu. Tukifaulu, oda za mwaka mzima ni zetu. Tukishindwa, mnunuzi anahama na laini ya tatu inafungwa. Mke wangu anashona laini ya tatu. Miaka kumi na miwili, cherehani ileile.

Kisha Meneja akaongeza neno tamu. Atakayesimamia jaribio likafaulu atakuwa Mratibu wa Taarifa, na atapewa kile chumba kilichokuwa cha cherehani mbovu. Kina mlango. Kina dirisha linalotazama geti. Mimi ni karani wa lebo mwaka wa tisa sasa, meza yangu iko nyuma ya kabati, na kila aendaye chooni lazima anigonge kiwiko. Mkono wangu ulikuwa juu kabla Meneja hajamaliza kusema.

Niliyemwogopa ni mmoja tu, Mama Futi wa chumba cha kukatia, anayeitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Hakunyoosha mkono. Aliuliza tu, fomu ikitaka kitu kimoja na macho yakaona kingine, mtu aandike kipi. Swali la ajabu. Kazi nimepewa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Meneja amenikabidhi nenosiri na kuniagiza nimfungulie kila mkuu wa kitengo la kwake, kwa jina lake. Nimelitafakari agizo hilo nikinywa chai. La nini? Mistari yote ikitoka kwa jina langu, sifa zote zitarudi kwa jina langu. Nimewaambia wenzangu kwamba mfumo unakubali mtu mmoja tu. Wameamini. Mama Futi hakuamini, alinitazama tu kama jora lenye doa.

Fomu yenyewe ni rahisi. Unajaza mstari, unautuma, kompyuta inajibu papo hapo. Alama ya kijani, umepokelewa. Nyekundu, umerudishwa. Nimetuma mistari kumi ya lebo. Kumi nyekundu. Kumbe kila saizi ina namba ya tarakimu kumi na tatu, na ukikosa moja umekosa zote. Macho yanauma.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua! Ukurasa wa sita wa mwongozo una mstari wa mfano, umejazwa tayari, tarakimu zote zipo. Gauni la mtoto mchanga, miezi sita hadi tisa, rangi ya waridi. Nimeunakili kama ulivyo. Kijani. Nikaunakili mara tano zaidi, lebo mia kwa kila mstari. Kijani, kijani, kijani, kijani, kijani. Kompyuta ilitaka namba, nami nimeipa namba. Hayo ya gauni nitayarekebisha nikipata nafasi.

Meneja alipita, akaona kioo chote kijani, akanipiga bega. Bega la kulia. Bado nalisikia.

Wakati wa chakula nilimsimulia mke wangu. Aliuliza kama kijani maana yake habari ni ya kweli au maana yake habari imefika. Nikamwambia ashone suruali, teknolojia aniachie mimi. Akasema debe tupu haliachi kuvuma, akainuka kwenda kuosha mikono.

Ijumaa, 7 Machi

Hasira. Majora ya kitambaa yamefika, thelathini na manane. Orodha ya mnunuzi inasema kila jora lina upana wa sentimita 150. Mama Futi ameyapima yote na amepata 146. Kila jora. Akaja kwenye kompyuta yangu, akakaa kwenye kiti changu, akakishusha kimo, akaandika 146 mara thelathini na nane. Thelathini na nane nyekundu. Kwa jina langu!

Nilimwambia kwa upole aandike 150 kama orodha inavyotaka. Alinijibu, mdogo wangu, mkasi hausomi orodha. Akanieleza kama anayemweleza mtoto kwamba vipande vikipangwa kwa 150 juu ya kitambaa cha 146, mguu wa pembeni utakosa sentimita nne, na atakayeivaa ile suruali atajua. Nikasema sentimita nne si kitu. Akaniuliza kama zikikatwa kwenye suruali niliyovaa nitaendelea kusema si kitu. Chumba cha kukatia kizima kilicheka.

Nimejaribu kufuta mistari yake. Kompyuta inataka sahihi ya aliyepima. Kiti nimekirudisha kimo changu.

Jumatatu, 10 Machi

Penye nia pana njia. Meneja ameona wekundu na ameamuru majora yapimwe upya kesho. Mimi nimetumia saa ya chakula vizuri. Mama Futi alikwenda kunawa na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliiacha futi mezani. Nilikata sentimita nne za mwanzo, nikakirudisha kile kibati cha ncha kwa gundi. Sasa kitambaa cha 146 kitasomeka 150. Hakuna uongo wowote. Atasoma mwenyewe, kwa macho yake, kwenye futi yake.

Nimepita kuliangalia dirisha la chumba changu. Litahitaji pazia.

Jumanne, 11 Machi

Nani hufanya hivi? Kumbe kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, yule mama hulaza futi yake juu ya rula ya chuma iliyopigiliwa kwenye meza ya kukatia. Miaka yote hiyo anaikagua futi kabla futi haijakagua kitambaa! Leo ameilaza, ameitazama, amekinusa kile kibati. Hakuuliza mtu. Alitazama vidole vyangu tu. Gundi ile haitoki kwa sabuni.

Akaja, akakaa, akakishusha kiti, akaandika mstari: futi ya kupimia imekutwa pungufu kwa sentimita nne, imetupwa, imetumika mpya, upana wa majora yote ni 146. Nyekundu yake ya thelathini na tisa. Kwa jina langu.

Jumatano, 12 Machi

Mabaya. Boksi la lebo limefika. Kompyuta ya mchapa lebo ilisoma mistari yangu ya kijani, ikatii, ikachapa. Binadamu hakuingilia. Lebo mia sita za waridi, zenye kidubu kinachotabasamu: Miezi 6 hadi 9. Fua kwa maji ya uvuguvugu.

Saa hiyohiyo Meneja akatangaza kwamba mkaguzi wa mnunuzi anakuja Ijumaa.

Nililipeleka boksi laini ya tatu nikamwomba mke wangu azishone lebo zikiwa zimelala kifudifudi, maandishi yasionekane. Alisoma lebo. Alitazama suruali ya kiuno cha inchi arobaini na mbili iliyokuwa mbele yake. Alinitazama mimi. Baada ya nusu saa boksi likarudi mezani kwangu na karatasi juu yake: Lebo hizi si za nguo hii, laini ya tatu haishoni. Sahihi ishirini na mbili, ya kwanza ni yake. Nimeviweka vyote chini ya meza.

Jioni alisema jambo moja tu. Laini ikifungwa, yeye atakuwa na nafasi ya kutosha ya kukaa nyumbani na kunitazama.

Niliogopa. Ninaliandika hilo hapa tu. Mchana nilikuwa nimemwona ameinama kwenye cherehani, anakata uzi kwa meno vilevile kama siku ya kwanza alipoajiriwa, nikaona aibu kwamba kazi yake yote hiyo inategemea mistari yangu. Nilijisikia mtu mbaya kabisa. Ilinichukua kama dakika tano kupata nafuu.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu! Mungu si Athumani!

Nianze mwanzo. Mkaguzi ni mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua mistari, akauliza nani ametuma hizi nyekundu thelathini na tisa za majora. Meneja akaninyooshea kidole. Mimi nikamnyooshea Mama Futi. Mkaguzi akasema jina analoliona hapa ni langu. Nikaanza kueleza kwamba huyu mama ni mtu mzima, ana shida ya macho, na nimemvumilia mengi.

Mkaguzi akainuka na kunipa mkono.

Kumbe ile orodha ilikuwa na kosa la makusudi! Mnunuzi alituma majora ya 146 kwa viwanda vinne na kuandika 150, ili aone nani atapima na nani atanakili. Viwanda vitatu vimemletea kijani tupu. Alisema hizo si taarifa, hayo ni mapambo. Sisi tu ndio tuliosema kweli na kukubali kuaibika kwa nyekundu. Kile kidole nilichokuwa nimemnyooshea Mama Futi nilikikunja taratibu.

Alipofika kwenye mstari wa futi iliyokatwa, alivua miwani. Katika miaka yake yote hajawahi kuona kiwanda kinachoripoti ubovu wa futi yake chenyewe. Akauliza tuliugunduaje. Nilisema sisi huanza na kujikagua wenyewe. Mama Futi alikohoa kwa muda mrefu.

Hapo mguu wa mkaguzi ukagonga boksi chini ya meza. Akalivuta. Akatoa lebo moja ya waridi, akaiweka kwenye kiuno cha ile suruali ya arobaini na mbili, iliyokuwa imeletwa mezani kwa ukaguzi. Meneja alibadilika rangi. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba hilo nalo ni kosa la makusudi, nimelipanda mwenyewe ili niwapime mafundi wa laini ya tatu. Na majibu yao ni haya hapa. Nikatoa karatasi yenye sahihi ishirini na mbili.

Mkaguzi alicheka mpaka machozi. Alisema mimi na yeye tunafikiri sawasawa. Oda za mwaka mzima ni zetu. Laini ya tatu haifungwi.

Mke wangu alipoambiwa, alikaa juu ya jora akalia, kisha akacheka, kisha akanitazama mimi na kicheko kikaisha. Mama Futi alimkumbatia. Mafundi wote wakakumbatiana. Mimi hakuna aliyenikumbatia, maana palikuwa na msongamano.

Mke wangu na Mama Futi walikaa kwenye kompyuta na kuandika namba sahihi za lebo, tarakimu zote kumi na tatu, kwa saizi zote. Iliwachukua dakika ishirini. Sikuona haja ya kusaidia.

Jumatatu, 17 Machi

Mratibu wa Taarifa anaandika haya akiwa chumbani kwake. Mlango upo. Dirisha lipo. Geti linaonekana, ukisimama.

Meneja amefanya mabadiliko madogo. Mama Futi na mke wangu wamepewa kila mmoja nenosiri lake, na hakuna mstari wangu utakaotoka kabla mmoja wao hajausoma na kuupitisha. Kwa maneno mengine, nimepewa wasaidizi wawili! Meneja alisisitiza wawe karibu nami sana, kwa hiyo meza zao ziko humuhumu chumbani, chini ya dirisha. Yangu iko nyuma ya mlango. Kila anayeingia ananigonga kiwiko, lakini kiongozi lazima afikike kwa urahisi.

Nimemwambia Mama Futi kwamba sina kinyongo naye. Akasema ahsante, mdogo wangu, akanipa kichupa cha mafuta ya taa cha kutolea gundi vidoleni.

Oda mpya imekuja leo. Mashati mia tisa ya madereva, saizi saba, na safari hii hata vifungo vina namba zake. Tarakimu kumi na tatu kwa kila kimoja. Kazi ya kuua mtu. Wasaidizi wangu wameondoka kwenda kula, na mke wangu ameiacha kompyuta yake wazi.

Mwongozo nao ni mpya. Nimeupekua. Ukurasa wa tisa una mfano mzuri sana, umejazwa wote: koti la mvua la mbwa, saizi ya kati, njano. Nimenakili mstari mmoja tu, kwa kujaribu, na kuupitisha kwenye kompyuta ya mke wangu.

Kijani. Basi nikatuma na iliyobaki.