Mbuzi wa Slaidi ya Nne

Jumatatu, 5 Machi 2018. Isiolo.

Habari njema! Golicha, bosi wetu hapa shirikani, anatafuta kiongozi wa timu ya chanjo ya mbuzi. Tuko wawili tu wa kufikiriwa: mimi na Sadiya. Sadiya amezaliwa Merti, anajua Kiborana, anajua mbuzi. Mimi najua kompyuta. Tutaona! Alhamisi tunaenda Korbesa kuwaeleza wafugaji kuhusu homa ya mapafu, ambayo tayari inamaliza mbuzi upande wa Garbatulla. Wakikataa chanjo, watabaki na kamba tupu. Nimemwomba Golicha niongee wa kwanza, na slaidi. Amekubali. Sadiya amepewa dakika chache za mwisho. Amesema sawa tu. Simpendi mtu wa kusema sawa tu.

Jumanne, 6 Machi.

Leo nimegundua animesheni. Kumbe miaka yote nimekuwa nikionyesha watu slaidi zilizokufa! Sasa kichwa kinaingia kikizunguka. Jina langu, Muiruri, linadundadunda. Slaidi ya nne ndiyo yenyewe: mbuzi mgonjwa anabiringika, anapotea. Kisha anaingia mbuzi mzima, sindano inaruka kutoka kushoto, mbuzi anacheza kwa furaha. Nimetumia picha moja kwa mbuzi wote wawili. Nani atajua? Nimemwonyesha Sadiya. Ameuliza kama herufi zinaweza kutulia kidogo azisome. Wivu.

Jumatano, 7 Machi.

Nimeongeza upinde wa mvua kwenye slaidi ya nne. Ili uingie, ilibidi nihamishe vitu viwili vitatu kwenye mpangilio. Pia nimeifanya slaidi ijirudie yenyewe, ili mikono yangu iwe na nafasi ya kuchezacheza nikiongea. Sadiya ameshauri nijaribu yote kabla ya safari. Ati nijaribu! Mimi! Nimezima kompyuta, nikaenda kununua shati jeupe.

Alhamisi, 8 Machi. Korbesa.

Barabara mbaya. Shati lilikuwa kahawia kabla hatujafika Merti. Lakini darasa la shule limejaa, jenereta imekubali, shuka limetundikwa ukutani. Nikasema salaam aleikum kwa sauti, wakaitikia wote. Slaidi ya kwanza: kimya kabisa. Nilidhani ni heshima. Walikuwa wanangoja jina langu liache kudunda.

Slaidi ya nne. Mbuzi mzima akaingia. Sindano ikaruka, ikamdunga. Mbuzi akabiringika, akapotea. Upinde wa mvua ukatokea.

Kisha ikaanza upya. Nilibonyeza kila kitu. Mbuzi aliendelea kudungwa, aliendelea kufa, na upinde wa mvua uliendelea kushangilia.

Mzee Adano, aliyeketi mbele, akamuuliza Sadiya kitu kwa Kiborana. Darasa zima likageuka kunitazama. Nikauliza anasemaje.

“Anauliza,” Sadiya akasema, “hii dawa yenu inaua mbuzi wote, ama ni wa Muiruri peke yake?”

Watu wakaanza kutoka. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni na mbuzi wake alimvuta mbio. Sadiya hakubishana na mtu. Alienda kwa shangazi yake Abiba, akarudi na mbuzi wa maziwa, Abiba nyuma yake akilia kwamba watoto watakunywa nini. Akamchanja hapo hapo, mbele ya kila mtu. Mzee Adano akakata shauri: wataangalia asubuhi. Mbuzi akiwa hai, watachanja. Akifa, turudi Isiolo na tusionekane tena.

Ijumaa, 9 Machi.

Nimefika kwa Abiba alfajiri. Umati! Mbuzi yuko hai, tena anatafuna mkono wa shati langu, nililokuwa nimelianika jana jioni kwenye ua wa miiba wa Abiba. Sadiya alikuwa amekaa chini kando yake, macho mekundu. Hakuwa amelala. Abiba alimshika bega. Mzee Adano akapiga kelele, na mbuzi wakaanza kuletwa makundi makundi hadi wakati wa swala.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kama mbuzi wangu hangekufa jana, nani angeamka kuja kuangalia kama wa leo yuko hai? Lakini katika hotuba za shukrani sikutajwa.

Jumatatu, 12 Machi. Isiolo.

Golicha ametangaza kiongozi. Sadiya. Ofisi imepiga makofi kupita kiasi.

Kisha akaniita. Nirudi Korbesa nikamwombe Mzee Adano radhi, ana kwa ana, kwa ufupi, na bila kompyuta. Alirudia: bila kompyuta. Nimekubali bila ubishi. Nilimwambia neno moja tu litatosha.

Nimelitengeneza jioni hii. SAMAHANI. Kila herufi inadondoka peke yake, inazunguka, inawaka moto. Imependeza ajabu.

Iko kwa simu.