Malalamiko Juu ya Sufuria Isiyotoa Moshi

Majengo, Goma, Ijumaa

Kwa Muzee Niyibizi, baba mkwe wangu, Kibati

Muzee mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mama mkwe na ng'ombe. Sisi huku miili ni mizima. Kinachoumwa ni jina langu, na ugonjwa huo ulitoka kwenu.

Unakumbuka sufuria ya umeme ambayo shemeji Munezero alimletea dada yake Laurence kutoka Nairobi, ile inayopika polepole kutwa nzima. Wewe mwenyewe uliishika mbele ya watu ukaibariki. Siku ile sikusema kitu kwa sababu nilikuwa natafuna. Leo nasema, kwa sababu Jumapili shirika letu, ile jumuiya ya Wakristo wa avenyu hii, linachagua rais mpya. Urais huo nimeutamani miaka mingi. Nimefagia kanisa, nimezika watu nisiowajua, na sasa sufuria inaninyang'anya. Naomba uje uichukue kabla ya Jumapili. Sababu zangu ni hizi.

1. Ni mvivu. Maharagi yanaingia asubuhi watoto wakienda shule, yanatoka jioni. Katikati hapo hakuna kufunua. Nilifunua siku moja tu, kwa nia njema ya kuonja, nikaambiwa nimepoteza joto na nimechelewesha familia nzima. Mwenye nyumba anakatazwa kifuniko cha nyumbani kwake.

2. Haipendi nyama. Najua aliyeamua ni Laurence, lakini hao wawili wanasikilizana sana. Tumekula maharagi na viazi, mbaazi na karoti, ndizi na biringanya. Tumekula hata sombe ya majani ya muhogo isiyo na nyama wala samaki wa ndakala, karanga na mawese basi. Mimi ni mkwe wa mfugaji, Muzee. Watu wakisikia kwamba nilikutolea ng'ombe ili nije kula karoti, utakayechekwa ni wewe.

3. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sufuria haitoi moshi. Wewe unaijua avenyu yetu: kila jioni jiko la mbabula linawashwa mlangoni, makala meusi yanapulizwa mpaka yawe mekundu, na jirani akiona moshi anajua kwamba kwa fulani watakula. Kwetu hakuna moshi tena. Majirani walitazama, wakasubiri, wakanong'onezana, mwisho wakatuhurumia. Jumanne shirika lote lilifika kwangu likiimba. Mama Bénita, mkuu wa msaada kwa wanyonge, alikuwa mbele na beseni la maharagi kichwani, na nyuma yake watu walibeba unga, viazi vitamu na nusu gunia la makala. Aliniwekea mkono begani akaniambia kwa sauti ambayo hata barabarani ilisikika: "Papa Jean de Dieu, usisikie haya. Hata sisi tulikosaka."

Nilijaribu kueleza kwamba chakula kinaiva ndani wakati huohuo. Walitazama jikoni, hawakuona moto, wakaniombea na akili. Laurence alipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akayachambua maharagi. Sasa niambie, Muzee, nani atamchagua mtu wa kusaidiwa awe rais wa kusaidia?

4. Inampa mke wangu nafasi. Zamani jioni Laurence alikuwa nje na mbabula yake, anapuliza, anakohoa, anafuta machozi, na mimi nilisikiliza redio kwa amani. Sasa anakaa pembeni yangu. Ananiuliza ninafikiri nini. Nilikuwa sifikiri kitu, na siku hizi inabidi nianze mapema ili jioni niwe na jibu. Tena amejiunga na korali, macho yake yametakata, na wanaume wa avenyu wanasema amerudi kuwa msichana. Hilo nalo ni jambo la usalama.

5. Nilitafuta suluhu. Nilipendekeza tuwashe mbabula mlangoni bila kuweka chungu juu yake, moshi tu, mpaka kura zipigwe. Laurence alisema makala ya msaada si ya kuringia, akampelekea mjane wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo nakuomba rasmi: uje uchukue sufuria, umwache binti, na kama fidia uniletee ng'ombe mmoja kati ya wale wa mahari. Yeyote atafaa, hata yule mwenye pembe iliyopinda, mradi asije akiwa hai.

Nakuaga kwa heshima anayostahili mzee aliyenipa mke mwema na sufuria mbaya. Msalimie sana mama mkwe na majirani wote wa Kibati. Munezero mwambie barua yake iko njiani. Wasalimie na ng'ombe, ila kuhusu ombi langu wasiambiwe kitu.

Mkwe wako mwenye majonzi,
Jean de Dieu

N.B. Muzee, barua hii ilikaa mfukoni kwa kukosa mtu wa kuipeleka, na Jumapili imepita. Shirika lilikutana kwetu. Laurence alifunua sufuria mbele ya wote: maharagi yaleyale ya Mama Bénita, pamoja na biringanya na vitunguu, yamelainika mpaka hayahitaji meno. Watu walikula, wakaomba tena. Mama Bénita alilamba kijiko akauliza sufuria kama hiyo inapatikana wapi. Ndipo tukapiga kura, na rais mpya ni Laurence. Kwa hiyo usije kuichukua. Ukija, njoo na njaa tu. Mimi sikupata kura hata moja, na usidhani kwamba niliibiwa. Jina lake niliandika mwenyewe, kijiko kikiwa bado mdomoni.