Kuhusu Picha Yako Kwenye Kiolezo Mama

Kwako Mkurugenzi wa Hospitali,

KUH: KUJIELEZA KWA NINI NISIFUKUZWE KAZI

Nimeipokea kwa mikono miwili barua yako inayonitaka nieleze, kabla ya saa tisa alasiri, kwa nini asubuhi hii niliiondoa picha yako kwenye tovuti. Nakushukuru. Wengine hufukuzwa bila hata kuombwa waandike.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ni nini, ingawa kuuliza si ujinga. Kurasa zetu huandaliwa na seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, na kila ukurasa kabla haujatoka huvalishwa kiolezo mama: faili moja ya HTML yenye kichwa, menyu na sehemu ya chini. Ukitia kitu humo, kimeingia kurasa zote mia mbili na kumi. Nilikitengeneza kwa wiki tatu, kikawa chepesi, kikafunguka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kisha wakubwa wakakigundua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliagiza picha yako ikae juu ya kila ukurasa. Nikatii. Sasa unatabasamu juu ya wodi ya wazazi, ambako inapendeza, na unatabasamu vilevile, meno yote nje, juu ya chumba cha maiti. Wafiwa wameniuliza unafurahia nini.

2. Katibu wako akaleta shairi la kukushukuru, beti sita, likae chini ya picha. Mkuu wa maabara akasema kama katibu yumo, yeye ni nani asiwemo.

3. Jina la ukurasa, yale maneno ya juu kabisa kwenye kivinjari, mliyapitisha kikaoni. Ni vyeo vyako vyote. Mgonjwa akifungua kurasa za meno, macho na mifupa, zote tatu zinaitwa wewe.

4. Kitufe cha kuomba miadi na daktari, ambacho ndicho sababu ya tovuti kuwepo, kimesukumwa chini ya hayo yote. Kwenye simu, mgonjwa anateremsha kidole mara kumi na moja. Hili linaniuma kweli, wala sitanii.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakutuona sisi, ambao chombo kizima ni manahodha. Kwa kuwa wanaobana nafasi ni wagonjwa, napendekeza kwa heshima tuwaondoe. Kibaki kiolezo mama peke yake, wakuu wa idara wamepangwa kwa vyeo, na pale katikati penye matibabu tuweke picha yako ya pili, ya ubavuni. Hatutapata lalamiko tena.

La sivyo, niruhusu nikiache kama nilivyokisafisha leo. Sura ya mkubwa haijawahi kumfikisha mgonjwa kwa daktari.

Nisalimie katibu, mkuu wa maabara, na yeyote ambaye bado hajapata nafasi kwenye kiolezo.

Wako mtiifu hadi saa tisa,
Fundi wa Tovuti

Baada ya sahihi: Dada wa mapokezi amenipigia sasa hivi. Tangu asubuhi hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeomba miadi. Wanafungua tovuti, hawakuoni, wanadhani ni ya matapeli, wanafunga. Kumbe wamefundishana mitaani kwamba ukimwona yule mzee anayecheka, hapo ndipo hospitalini, teremka tu. Mama yangu mzazi naye kaifunga, na moyo wake ulitakiwa kupimwa kesho. Picha nimeirudisha. Nimeikuza kidogo.