Nimemlilia Mtu wa Songea Gatini

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, gatini, mbele ya watu waliotoka kuona mambo mazito kuliko yangu.

Mnajua mimi na mama tulikimbia Burundi nikiwa na miaka mitatu. Baba alibaki Rumonge kuwatafuta wazazi wake, tukapotezana. Picha hatukuwa nayo (tulitoka na sufuria tu). Kwa hiyo baba nilimjua kwa mdomo wa mama: nahodha, mrefu wa kuinama mlangoni, akiongea boti nzima inanyamaza. Mtaa wetu wote wa Gungu nimewasimulia. Hata nyie.

Wiki hii Warundi wanamiminika tena Kagunga, kule mpakani, na juzi jirani yetu wa zamani akapiga simu kutoka huko. Baba yu hai, leo anapanda meli kuja mjini. Mama miguu inamsumbua, akabaki jikoni. Nikaenda peke yangu na kitenge kipya, nimebeba kiti. Nahodha akae chini? Thubutu!

Watu wakaanza kushuka. Mzee mmoja mfupi, kandambili zimefungwa waya, akasimama mbele yangu akiangaza huku na huku. Alikuwa ananiziba. Nikamwambia asogee, halafu nikamwomba anishikie kiti (adabu zangu hizo). Akakishika, akaendelea kuangaza.

Ndipo nikamwona. Mrefu! Na kofia! Nikakimbia, nikapiga goti, nikampokea begi, machozi yanatiririka.

"Shikamoo baba! Ni mimi Adela, mwanao, wa Rumonge!"

"Marahaba binti," akasema kwa upole. "Lakini mimi ni mtu wa Songea. Nimehamishiwa huku kikazi, natoka Kagunga kuandikisha wakimbizi."

Watu wakaangua kicheko. Nyuma yangu mtu akaweka kiti chini taratibu.

"Adela ni wangu," akasema yule mzee mfupi.

Nilitamani ziwa linimeze. Na unahodha? Alikuwa mpishi wa boti, kanieleza mwenyewe njiani, tena kwa fahari. Tulipofika nikambana mama. Akajibu huku akisonga ugali:

"Kila ulipomlilia, nilikuwa namwongeza kidogo. Na wewe ulilia sana."

Nimemtazama baba anavyokula, roho inaniuma.

Mimi nichekeni, ruksa. Yeye mwacheni: amesubiri miaka kumi na tisa kuniona, halafu ikabidi angoje tena nimalize kumlilia mtu mwingine.