Pampu ya Bwawa la Theodora

…na ndiyo maana, Baba Mkwe, kabla salio halijatukatikia nilikuwa nikisema kwamba pampu haikuharibika, bali ilikuwa katika kipindi cha mpito. Sasa vocha imeongezwa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, spika iko wazi, kwa hiyo naomba kwa ridhaa yenu nianze upya ili nizingatie itifaki.

Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Isaka, mwalimu mkuu mstaafu na msikilizaji wetu mkuu kutoka Kiomboi, shikamoo kwa mara nyingine. Mheshimiwa Mama Mkwe, ambaye kwa heshima jina lake silitamki. Wazee wa ukoo mliobanana kuizunguka simu hiyo. Ndugu Bhavesh, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme hapa mjini na mshauri wetu wa kiufundi. Mama Samweli, jirani wa upande wa kulia na mwakilishi wa sekta binafsi. Na zaidi ya wote, Mgeni Rasmi wa moyo wangu, Theodora, niliyefunga naye ndoa siku sitini na tatu zilizopita, na ambaye kila asubuhi nikiamka bado nashangaa kumkuta yupo: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Theodora anajifunika uso kwa kanga.)

Mimi Peniel, Mwenyekiti wa Kamati ya Uendeshaji na Matengenezo ya Bwawa la Theodora, nimesimama hapa uani kwetu Mandewa kujibu hoja moja tu ya Baba Mkwe. Hoja inasema, nanukuu, "Siku ya posa ulisema mbele ya wazee kumi na mmoja kwamba binti yangu atakaa uani kwake kando ya bwawa lenye maji yanayoruka. Jumamosi nakuja kuliona." Mwisho wa kunukuu. (Sauti kutoka kwenye simu: "Walikuwa kumi na wawili.") Kumi na wawili, nashukuru kwa marekebisho hayo, yataingia kwenye kumbukumbu. Nafahamu uzito wa jambo hili. Mkwe aliyewadanganya wazee kumi na wawili hana pa kuweka uso wake, na mimi uso huu ninauhitaji, maana Theodora ameshauzoea. (Kicheko. Mama Samweli anasema, "Huyu naye.")

Ndugu zangu, kiini cha bwawa lolote la kisasa ni pampu ya kuzama, yaani pampu inayofanya kazi ikiwa ndani ya maji, na katika sekta hii serikali ya nyumba hii imepiga hatua kubwa sana. Takwimu zinaonyesha kwamba wakati tunaingia madarakani kulikuwa na pampu sifuri, na leo ninavyozungumza kuna pampu moja, ongezeko ambalo hata kikokotoo cha simu kilishindwa kulitolea asilimia. Katika siku hizi sitini na tatu pampu imekwama mara saba na imetengenezwa mara nane. (Bhavesh: "Nane inatoka wapi?") Nane inatokana na mara moja tuliyoitengeneza ikiwa nzima, na ndiyo ikakwama ile ya saba. Kitaalamu tunaita preventive maintenance, yaani matengenezo ya kinga.

Sasa nieleze mchakato, kwa faida ya Baba Mkwe ambaye ni mwalimu na anapenda hatua. Maji yetu ya Singida, kama mnavyoyaona kwenye birika, yana chumvi nyeupe inayoganda. Ikiganda kwenye kile kifeni cha ndani, pampu inanguruma lakini maji hayaruki, kama baadhi ya viongozi ninaowafahamu. (Theodora: "Mmoja namwona hapa amesimama.") Nimesikia mchango wa mheshimiwa. Basi unachomoa waya kwenye soketi kwanza, kabla hujaweka hata kidole majini, na hapo sitanii. Unaitoa pampu kwa kuishika mwilini, usiivute kwa waya. Unafungua chujio, unaosha sponji, unachomoa kifeni taratibu, unakiloweka kwenye siki, au kwenye ndimu zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya juisi ya mgeni. (Theodora: "Ndimu zangu sita, Baba, nilizitafuta mpaka nikamlaumu Mama Samweli.") Kisha unasugua kwa mswaki wa zamani. Napenda mfahamu kwamba mswaki huo ulikuwa wangu wa enzi za ubachela, na siku ya tatu ya ndoa Theodora aliutoa kwenye kikombe, akauweka wake pale, akaniambia wa kwangu nitanunuliwa mpya. Nilisimama bafuni nikiutazama mswaki wake ndani ya kikombe changu kama mtu aliyepewa nishani. (Sauti kutoka kwenye simu: "Peniel, bwawa.")

Nakuja huko, Baba. Kamati hii inaamini katika uwazi, kwa hiyo nataja na changamoto. Mara ya nne pampu ilianza kulia, kilio chembamba cha kuumiza meno. Ninyi nyote mmezaliwa mkoa huu. Bawaba ya mlango ikilia tunaweka mafuta ya alizeti, mnyororo wa baiskeli ukilia tunaweka mafuta ya alizeti, ngozi ya mtoto ikikauka ni hayo hayo. Nami, kama mzawa mwenye kuthamini rasilimali za ndani, nilimimina nusu kikombe cha yale mafuta mazuri aliyotuletea Mama Mkwe. Kwa dakika tano pampu ilinyamaza, nikamwita mke wangu, nikamshika kiuno, nikamwambia, "Sikiliza hilo." Dakika ya sita ilinyamaza moja kwa moja. Mafuta yalikuwa yamekamata vumbi lote la Mandewa, yakalikanda, yakaziba chujio, na mpira wa kuzuia maji ukavimba kama maandazi. Nikaipeleka kwa ndugu Bhavesh. Mshauri, simama useme ulichosema siku ile.

(Bhavesh, bila kusimama: "Nilimwuliza, Peniel, mbona pampu yako inanukia chapati. Nikamwambia, hii kitu inalainishwa na maji yenyewe, usiwekee mafuta, usiiwashe nje ya maji. Halafu nikamwuliza hilo bwawa lake lina kina gani, akaanza kuniuliza habari za watoto wangu." Kicheko cha muda mrefu.)

Asante, mshauri, muda wako umekwisha. Mpira mpya ulifungwa, kifeni kikarudi, na mimi na Theodora tukakaa pembeni kuitazama ikirusha maji kiasi cha kiganja, akaegemeza kichwa begani kwangu, akaniambia kule kwao kuna kijito nyuma ya shule ambacho huimba hivyo hivyo mvua zikinyesha. Baba Mkwe, nilikuwa sijui kwamba ndiyo sababu alilitaka bwawa. Nilidhani alikuwa amependa picha kwenye simu. (Theodora anatazama vidole vyake. Kwenye simu mtu anakohoa.)

Kwa kuhitimisha, naomba tushirikiane kwa kaulimbiu. Nikisema pampu, semeni inazunguka. Pampu! (Wote: "Inazunguka!") Theodora! (Mama Samweli peke yake: "Umepata!") Bwawa! (Bhavesh anakunywa chai iliyokwisha. Sauti kutoka kwenye simu: "Mbona hapo hawaitikii?")

Hawaitikii, Baba, kwa sababu wako kwenye eneo la mradi na wana macho. Basi niingie kwenye shukrani. Namshukuru ndugu Bhavesh, aliyetengeneza pampu mara tano kati ya zile nane. Namshukuru mke wangu, aliyekaa siku sitini na tatu bila kunisema kwenu. Na kipekee kabisa namshukuru Mama Samweli, aliyetuazima beseni lake la kufulia, la buluu, ambalo tangu wiki ya kwanza ya ndoa hadi leo ndimo pampu hiyo inamokaa. (Sauti kutoka kwenye simu: "Beseni?") Beseni, Baba. Shimo nilichimba. Lilifika kwenye kifundo cha mguu wangu, jembe likagonga mwamba. Nikasogea pembeni, mwamba. Nikasogea karibu na choo, mwamba. Nyumba yetu yote imekaa juu ya jiwe moja, na nilikosa ujasiri wa kuwapigia wazee kumi na wawili kuwaambia. Nisamehe.

(Theodora anainuka, anainama kwenye simu: "Baba, shikamoo. Kila jioni tunatumbukiza miguu humo, yeye wa kulia na mimi wa kushoto, maana yote minne haienei. Mimi sidai kitu." Kwenye simu wazee wananong'onezana kwa Kinyiramba, mmoja anacheka hadi anapaliwa. Kisha sauti ya Mzee Isaka: "Jumamosi siji. Siwezi kupanda basi kwenda kutazama beseni. Ila hapa kwangu, nyuma ya nyumba, udongo ni laini, nimelima viazi miaka thelathini sijagonga jiwe. Ahadi ulitoa kwangu, uje uitimize kwangu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti nakutazama.")

Mheshimiwa Baba Mkwe, maelekezo yamepokelewa yote, na la kiti pia. Natamka mbele ya mkutano huu, na safari hii waandike wote kumi na wawili, kwamba mimi, Theodora na pampu tutafika Kiomboi kabla mwezi huu haujaisha, na jembe nitalibeba mwenyewe.